Damu ya kitovu: tuiweke benki, tuichangie, au iende zake na kondo? (Niko wiki ya 30)

#1 Kanga_Moja, 3 Machi 2025

Habari zenu wakuu. Mimi ni mtu wa Morogoro, ila kwa sasa mimi na mume wangu tunaishi Houston, Texas. Nina mimba ya wiki 30, mtoto wa pili. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Kliniki ya juzi, nimekaa nasubiri kuitwa, dada mmoja mtanashati akaja kukaa ubavuni kwangu na mfuko wa zawadi: soksi za kichanga, mafuta ya kupaka na kipeperushi chenye picha ya mtoto amelala ndani ya ganda kama la lulu. Nikajua hapa kuna kitu kinauzwa. Kumbe ni wakala wa kampuni ya kuhifadhi damu ya kitovu. Yaani mtoto akishazaliwa na kitovu kikakatwa, ile damu inayobaki kwenye kiungamwana na kondo la nyuma, ambayo siku zote hutupwa, wao wanaikinga, wanachuja seli shina zilizomo (zile seli mama zinazozalisha damu) na kuzigandisha kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Mtoto akija kuugua saratani ya damu au sikoseli, akiba ipo. Orodha yao ina magonjwa zaidi ya 80.

Bei: dola 1,900 za kuanzia, kisha 180 kila mwaka. Nimepiga hesabu ya miaka 18 nimepata 5,140. Hela hiyo Morogoro unachimba msingi na kupandisha kuta.

Nesi wangu, dada huyo alipoondoka, akaninong'oneza kwamba ipo njia nyingine, kuchangia. Hapa mjini kuna benki ya umma. Hulipi hata senti, lakini damu inakuwa si yako tena, anapewa mgonjwa yeyote ambaye vipimo vyake vinaendana nayo. Ila wanataka ujiandikishe kabla ya wiki ya 34, kwa hiyo nina kama mwezi mmoja tu wa kuamua.

Mume wangu anataka tuhifadhi. Kaka yake yuko Kihonda, kule Morogoro, na ana mtoto mwenye sikoseli. Kila akilazwa huwa tunachanga, tunayajua maumivu ya huyo mtoto kwa jina. Juzi usiku ananiambia, "Tukibania hii hela halafu likatokea la kutokea, utajisamehe?" Nilikosa jibu.

Mama naye nilipompigia aliuliza swali moja tu: "Na kitovu cha mjukuu wangu wanakipeleka wapi?"

Nishaurini jamani.

#2 Babu_Kibonge, 3 Machi

Naweka kigoda hapa nisubiri wataalamu.

Ila dada, mimi neno "changia" hunipa mashaka. Wewe unatoa bure, yeye anakwenda kuuza. Na damu ya kichanga jamani! Bibi yangu angeisikia hii angefunga mlango.

#3 Mkunga_wa_Ziwa, 3 Machi

Mimi ni mkunga, mwaka wa 14 huu, niko Mwanza. Huku hizo benki hatuna, hakuna kuhifadhi wala kuchangia, kwa hiyo hapo sina uzoefu. Lakini kuna kitu dada huyo wa soksi hakukwambia, na ndicho kinachonihusu.

Damu hiyo wanayoiita "inayotupwa" siyo ya kutupwa. Ni ya mtoto. Mtoto akitoka, kamata kile kitovu kwa vidole viwili utasikia bado kinadunda. Kondo linaendelea kumsukumia damu yake. Dakika ya kwanza anapokea kama mililita 80, ikifika ya tatu ni karibu 100. Sasa kichanga cha kilo tatu mwili mzima kina damu kama mililita 240. Ukibana kitovu papo hapo umemnyima sehemu kubwa tu ya damu yake, na madini ya chuma ambayo yangemlinda na upungufu wa damu miezi ya mbele. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linasema tusibane kabla ya dakika moja, tusubiri mpaka dakika moja hadi tatu. Huko Marekani madaktari wenu wa uzazi wanasema angalau sekunde 30 mpaka 60.

Mimi huwa nangoja nione kwa macho. Kinaanza kinene, cha bluu, kimejikunja kama kamba ya nanga. Kinapomaliza kazi kinakuwa cheupe na kulegea. Hapo ndipo nachukua kibanio.

Kwa hiyo iwe kuhifadhi, iwe kuchangia, waambie mapema: mtoto wangu kwanza, mfuko wenu baadaye. Ukisubiri, mfuko utapata kidogo. Acha upate kidogo.

#4 Kanga_Moja, 3 Machi

Mkunga asante sana. Hili la dakika hakulitaja kabisa. Nilimuuliza kama mtoto anaathirika, akasema "haiumi, mama wala mtoto hasikii chochote." Kumbe mimi niliuliza hili, yeye akanijibu lile.

#5 Fundi_Maabara, 4 Machi

Shikamooni wakubwa. Mimi nafanya kazi maabara ya damu, na mambo ya upandikizaji niliyasomea kidogo. Nitaandika kirefu kwa sababu hapa watu wanachanganyiwa vitu viwili makusudi.

Kwanza, jambo lenyewe ni la kweli, si utapeli. Damu ya kitovu ina seli shina kama zile za uloto, ule ute wa ndani ya mifupa. Mara ya kwanza ilitumika Oktoba 1988, hospitali ya Saint-Louis, Paris. Daktari Eliane Gluckman alimpandikizia mtoto wa miaka mitano kutoka North Carolina, Marekani, mwenye ugonjwa wa Fanconi, ambao uloto unashindwa kutengeneza damu. Damu yenyewe iligandishwa na Hal Broxmeyer wa Indiana, ikavushwa bahari. Mtoto alipona. Tangu hapo wamepandikizwa watu makumi ya maelfu.

Sasa sikilizeni vizuri. Yule mtoto hakupewa damu ya kitovu chake. Alipewa ya mdogo wake wa kike aliyekuwa amezaliwa, ambaye hakuwa na ugonjwa.

Hapo ndipo kipeperushi kinapokuchezea. Sikoseli imeandikwa kwenye kila seli ya mtoto tangu tumboni. Damu ya kitovu chake ina sikoseli ileile. Ukimrudishia umemrudishia ugonjwa. Orodha ya magonjwa 80 mengi yake ni hivyohivyo, ya kurithi, unahitaji seli za mtu mwingine. Hata saratani ya damu, madaktari hawapendi kumpa mtoto seli zake mwenyewe. Wakati mwingine chembe za mwanzo za saratani zilikuwemo tangu kuzaliwa, na isitoshe seli za mtu mwingine zina faida ya kuishambulia saratani iliyobaki, za kwako hazina.

Kwa hiyo "bima ya mtoto wako" ni bima ambayo mwenyewe ndiye mwenye nafasi ndogo ya kuitumia. Madaktari wa uzazi wa Marekani kupitia chama chao, ACOG, walisema 2019 kwamba nafasi ya mtoto kuja kutumia damu yake mwenyewe inakadiriwa kuanzia 1 kati ya 400 hadi 1 kati ya 200,000. Ukiona makadirio yamepanuka hivyo ujue hata wao wanapapasa. Hawashauri kuhifadhi kama bima. Madaktari wa watoto, AAP, nao 2017 walisema hivyohivyo: kama unaweza, peleka benki ya umma.

Isipokuwa hali moja, nayo ndiyo ninayotaka kukuuliza dada Kanga. Kama ndani ya nyumba tayari kuna mtoto mgonjwa, ndugu yake wa baba mmoja mama mmoja, na ugonjwa wenyewe unatibika kwa seli shina, basi hifadhi, usifikirie mara mbili. Hapo vyama vyote viwili vinakubali.

Mtoto wa shemeji yako hayumo humo. Ndugu wa tumbo moja nafasi ya kufanana tishu kikamilifu ni 1 kati ya 4. Mtoto wa baba mdogo ni bahati nasibu.

Swali langu: mwanao wa kwanza alizaliwa hukohuko? Kama ndiyo, alitobolewa kisigino. Majimbo yote ya Marekani hupima sikoseli kwa watoto wachanga, na Texas wanapima mara mbili. Tafuta karatasi yake. Angalia herufi.

#6 Babu_Kibonge, 4 Machi

Fundi umetema madini. Ila hujanijibu la kuuza.

#7 Fundi_Maabara, 4 Machi

Babu, hujakosea sana. Benki ya umma ikitoa mfuko, hospitali ya mgonjwa inalipishwa makumi ya maelfu ya dola kwa mfuko mmoja. Wao wanasema ni gharama za kupima, kugandisha na kutunza mifuko mingi ambayo haitaguswa. Nusu naamini, nusu nami nakuna kichwa. Lakini tofauti ni hii: ile ya umma mfuko wako upo kwenye daftari ambalo daktari wa mahali popote anaweza kuutafuta. Ile ya binafsi umefungiwa kabatini kwa jina lako, na wewe ndiye unayelipia kabati.

#8 Kanga_Moja, 4 Machi, usiku

Fundi, umenifanya nipande kwenye stuli saa nne usiku.

Bahasha ya makaratasi ya mwanangu ilikuwa juu ya kabati la nguo, chini ya mashuka. Imeandikwa F, A, S. Pembeni kwa kalamu ya daktari wake: "mbeba vinasaba, mzima." Nikakumbuka kabisa siku ile. Aliniambia "hana shida," mimi nikasikia hiyo "hana shida" peke yake, nikaweka karatasi, basi. Miaka minne.

Hii maana yake nini? Mume amelala, sijamwambia.

#9 Fundi_Maabara, 4 Machi

Tulia. F ni hemoglobini ya kichanga, kila mtoto anayo. A ni ya kawaida. S ndiyo ya sikoseli. Ikitangulia A kabla ya S, mtoto ni AS, mzima, ila amebeba. Maana yake S imetoka kwa mmoja wenu. Haijulikani kwa nani, na haijulikani kama mwingine naye anayo.

Nendeni mkapime wote wawili, kipimo cha hemoglobini, siku chache majibu yanatoka. Kama mmoja ni AS na mwingine AA (hana S kabisa), hakuna mtoto wenu atakayepata SS, yaani ugonjwa wenyewe, kwa huyu wala kwa wanaokuja. Kama wote ni AS, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya SS. Hapo hesabu ya damu ya kitovu inabadilika kabisa.

#10 Bint_Kisauni, 5 Machi

Asalaam aleikum. Dadangu Kanga, pole na hongera. Mimi niko Mombasa. Nyanya yangu alitulea na kanuni moja, kondo lafukiwa uani, kitovu kikidondoka nacho chafukiwa, ndiyo huambiwa mtu "rudi ulikozikwa kitovu." Sasa nauliza wenye elimu, katika sheria ya dini kuitoa damu hii yafaa? Maana ni kiungo cha mwanadamu.

#11 Mzee_wa_Deira, 5 Machi

Waaleikum salaam. Binti, Baraza la Fiqhi la Rabita, ile jumuiya ya Waislamu wa dunia, lilikaa Makka Desemba 2003 likalizungumza hilo. Seli shina za kondo na kitovu cha mtoto wanaruhusu kuzitumia kwa tiba kama wazazi wameridhia. Huku Dubai serikali yenyewe ina kituo cha damu ya kitovu tangu 2006. Mjukuu wangu alizaliwa huku, walituuliza, hatukuweka. Si kwa dini, ni kwa mfuko.

Na hilo la nyanya yako ni rahisi kuliko mnavyodhani. Wanachochukua ni damu iliyo kwenye kiungamwana upande wa kondo. Kile kipande kinachobaki kwenye tumbo la mtoto hawakigusi. Kitakauka, kitadondoka, mtazika.

#12 Kanga_Moja, 5 Machi

Mzee wangu, nimemsomea mama ujumbe wako kwenye simu neno kwa neno. Kimya. Halafu akasema, "Basi hicho kipande kisipotee." Nadhani tumepewa ruhusa.

#13 Mama_Shukuru, 6 Machi

Mdogo wangu Kanga, nimekuwa nasoma tu tangu juzi. Nami niseme la kwangu.

Niko Dodoma. Mwanangu wa kwanza ana sikoseli, au niseme alikuwa nayo, bado sijazoea. Wa pili nilimzaa 2019. Damu ya kitovu chake ilikwenda na maji ya deki, hata sikujua kama kuna kitu kama hicho. Miaka ilipopita nikaja kusoma habari hizi mtandaoni, nililia. Nilijiona nimemwaga dawa ya mwanangu kwa mikono yangu.

Halafu 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma wakaanza kupandikiza uloto watoto wenye selimundu, yaani sikoseli. Tukapimwa wote. Yule wa 2019 akaonekana anafanana na kaka yake kwa kila kitu. Daktari nilimwuliza, nikilia tena, kwamba mbona tulishapoteza damu ya kitovu? Akaniangalia, akasema, "Mama, mwenye seli amekaa hapo anakula biskuti."

Seli hazikuwa zimepotea. Zilikuwa nyongani kwa mtoto wangu muda wote. Walimlaza usingizi, wakamvuta uloto, jioni anauliza chipsi. Kaka yake ndiye aliyepata shida, dawa kali, nywele zote chini, wiki na wiki kwenye chumba cha peke yake mimi naongea naye nimevaa barakoa. Lakini tulitoka.

Nimeandika kwa sababu ya lile swali la shemeji yetu, "utajisamehe?" Hilo swali nililibeba miaka minne bure.

#14 Babu_Kibonge, 6 Machi

Mama Shukuru, nimesoma hii nikiwa kwenye daladala, abiria wananiangalia. Mungu amtunze huyo mla biskuti.

#15 Fundi_Maabara, 6 Machi

Mama Shukuru asante, umesema kwa mistari michache kile nilichokuwa nakizungukia. Niongeze hesabu moja tu kwa wenye watoto wa SS wanaosoma kimyakimya, maana najua mpo wengi, Tanzania peke yake inakadiriwa kuzaliwa watoto kama 11,000 wa selimundu kila mwaka. Kama wazazi wote ni AS, mtoto anayefuata ana nafasi 1 kati ya 4 ya kufanana na mgonjwa, na nafasi 3 kati ya 4 ya kutokuwa na SS mwenyewe. Vinasaba vya kufanana na vya sikoseli viko kwenye kromosomu tofauti, kwa hiyo unazidisha: 3 kati ya 16. Si kubwa, si ndogo. Damu ya kitovu ikiwepo inasaidia, hasa mdogo akiwa bado mchanga mno kuvutwa uloto. Isipokuwepo, mdogo mwenyewe yupo.

#16 Dokta_Mtarajiwa, 7 Machi

Lakini jamani teknolojia inakua. Leo haitumiki, kesho je? Wanasema inatibu usonji, kupooza kwa ubongo, kisukari. Dola 180 kwa mwaka ni nini kwa mtu wa Houston?

#17 Fundi_Maabara, 7 Machi

Usonji umejaribiwa kwa kufuata utaratibu, Chuo Kikuu cha Duke, watoto wamegawanywa, wengine wamepewa damu ya kitovu wengine maji ya bandia. Matokeo yalitoka 2020: ukiwaangalia wote kwa pamoja, haikuwashinda waliopewa bandia. Kupooza kwa ubongo utafiti unaendelea, mpaka leo si tiba iliyoidhinishwa.

Na hiyo kesho yenyewe imekuja kwa mlango mwingine. Desemba 2023 Marekani iliidhinisha tiba mbili za vinasaba za sikoseli kwa siku moja, Casgevy na Lyfgenia, kwa wagonjwa wa miaka 12 kwenda juu. Zinatumia seli za mgonjwa mwenyewe za leo, wala si za kitovu. Bei dola milioni 2.2 na 3.1, kwa hiyo Kihonda hazijafika, lakini utaona njia inakoelekea.

Halafu Julai 2024 gazeti la The New York Times lilichunguza hizi benki binafsi. Mifuko yenye seli chache mno, mingine ina bakteria, na wenyewe wanaendelea kulipa kila mwaka. Waliandika kwamba tangu 2010 upandikizaji ulioripotiwa wa mtoto kwa damu ya kitovu chake mwenyewe ni 19 tu.

Na nisipendelee upande mmoja. Hata benki za umma zimepungua nguvu. Siku hizi madaktari wanaweza kutumia mzazi au ndugu anayefanana nusu tu, kwa hiyo damu ya kitovu haitafutwi kama zamani. Ndiyo maana wamekuwa wachaguzi, mifuko mingi inayochangiwa hawaigandishi. Dada Kanga usije ukavunjika moyo baadaye.

#18 Bint_Kisauni, 7 Machi

Sasa kama hawaitafuti na wanaikataa, kuna haja gani kuichangia?

#19 Fundi_Maabara, 8 Machi

Kwa sababu ya sisi.

Mgonjwa Mzungu akitafuta mchangiaji mzima wa uloto asiye ndugu kwenye daftari la Marekani, nafasi ya kupata anayefanana kikamilifu ni kama asilimia 79. Mtu mweusi ni 29. Sababu si ubaguzi peke yake wala uvivu wetu wa kujiandikisha, ingawa yote yamo. Afrika ndiko binadamu alikokaa muda mrefu kuliko kote, aina zetu za tishu zimetawanyika mno. Waafrika wawili wanaweza kupishana kuliko Mswidi na Mtaliano. Damu ya kitovu seli zake bado changa, hazina ukali, zinavumilia kutofanana kidogo, kwa hiyo aliyekosa mtu kwenye daftari anaweza kupata mfuko. Februari 2022 madaktari wa New York walitangaza mafanikio kwa mwanamke wa asili mchanganyiko aliyekuwa na saratani ya damu na VVU. Walimpandikizia damu ya kitovu yenye kinasaba kinachozuia VVU, wakasaidizia na seli za ndugu. Mtu mzima wa kumfaa mwenye kinasaba hicho asingepatikana kirahisi.

Mfuko wa mtoto wa Morogoro kwenye majokofu ya Houston ni kitu adimu. Wakiukataa wameukataa. Wakiukubali, pengine kuna mtoto mahali anausubiri.

#20 Kanga_Moja, 13 Machi

Mrejesho wakuu.

Majibu yametoka. Mimi ni AS. Mume wangu ni AA.

Mnaona maajabu? Miaka yote tukiongelea sikoseli tunaongelea "upande wa kwao." Mimi hata pole nilikuwa natoa kama mtu aliyesimama nje ya nyumba. Kumbe nimebeba mimi. Nimempigia mama, akanyamaza kidogo, kisha akataja mdogo wake aliyefariki akiwa na miaka sita, "alikuwa anaumwa miguu sana wakati wa baridi." Hakuna aliyewahi kuniambia habari za huyo mjomba.

Kwa hiyo watoto wetu hawatapata SS. Ila mwanangu nitamwambia akikua, kwa herufi kubwa, asije akafichwa na kabati la nguo kama mimi.

Kampuni ya soksi nimeiambia hapana. Dada akaniuliza kama nimeridhika "kutupa nafasi ya mara moja maishani." Nilimwambia naichangia. Akakata simu kwa adabu.

#21 Mume_wa_Kanga, 14 Machi

Nimefungua akaunti ili niandike mara moja tu. Nimesoma uzi wote jana usiku. Mama Shukuru, lile swali nimelifuta. Hela tuliyokuwa tumetenga tumemtumia kaka, akamlipie mtoto bima ya afya.

Mkunga, dakika nitazihesabu mimi mwenyewe.

#22 Mkunga_wa_Ziwa, 14 Machi

Shemeji karibu. Usishike simu, shika mkono wa mkeo. Saa ya ukutani ipo.

#23 Kanga_Moja, 15 Mei 2025

Nimejifungua wakuu. Binti, kilo 3.1, tarehe 9, alfajiri. Sote wazima.

Nawaambia ilivyokuwa, maana nimeona wengine wameanza kuulizia hii njia.

Fomu za kuchangia ni nyingi kuliko za viza. Magonjwa ya familia, umesafiri wapi, umewahi kuumwa malaria (nilicheka peke yangu). Damu yangu mimi waliichukua kupima VVU, homa ya ini na kaswende. Waliuliza pia, mfuko usipofaa kupandikizwa, wautupe au uende kwenye utafiti? Nikaweka alama kwenye utafiti. AS yangu nilidhani watanikataa, wakasema wao hupima hemoglobini ya kila mfuko, SS ndiyo haipiti.

Siku yenyewe mtoto katoka, wamemweka kifuani kwangu, mume macho kwenye saa ya ukutani anahesabu kwa Kiswahili kwa sauti, chumba kizima kimetulia. Alipofika sitini daktari akamtazama. Akaendelea mpaka tisini. Ndipo wakabana.

Nesi wa benki akapangusa kitovu kwa dawa ya kahawia, akachoma sindano kwenye mshipa wake, akashusha mfuko chini ya kitanda. Hakuna pampu, inashuka yenyewe. Nyekundu iliyokolea, karibu nyeusi. Kama dakika tano, huku anautikisatikisa mfuko polepole ichanganyike na dawa ya kuzuia isigande. Halafu akauweka kwenye mizani ndogo kama za kupimia unga, akaandika namba, akaniangalia kwa huruma. Haikufika kiwango chao cha chini. Itakwenda kwenye utafiti.

Nilisikia kama nimefeli mtihani. Nesi akasema, "Iliyobaki anayo yeye," akaonyesha kifuani kwangu. Mtoto alikuwa mwekundu kama nyanya.

#24 Mkunga_wa_Ziwa, 15 Mei

Tisini! Huyo shemeji namtaka wodini kwangu. Hongera mama.

#25 Babu_Kibonge, 15 Mei

Hongera sana. Kwa hiyo damu imekwenda kwa Wazungu wa maabara. Mimi simo. Mpigie picha mtoto tu, tusimwone uso.

#26 Kanga_Moja, 19 Mei

Kitovu kimedondoka leo wakati namwogesha. Nimekikausha, nimekifunga kwenye kipande cha kanga na kukitia kwenye bahasha ya karatasi. Shemeji yangu wa huku anasafiri Desemba, ameshakubali kukibeba. Mama ameshachagua mahali, chini ya mwembe, pale pale kilipo changu.

#27 Bint_Kisauni, 19 Mei

MashaAllah. Akitie kwenye mkoba wa mkononi dadangu, asikiweke kwenye sanduku. Masanduku hupotea Addis.